Nilivyoifundisha laptop yangu kusoma habari za Kiswahili kila usiku

Kuna mtu kaniuliza kama ile laptop yangu kuukuu bado inasoma habari usiku. Inasoma, na saa hizi inazijua wilaya za Uganda kunishinda.

Wazo nililitoa kwa NELL, programu ya chuo cha Carnegie Mellon huko Marekani, Tom Mitchell na wenzake waliiwasha Januari 2010 ikawa inasoma intaneti mchana na usiku. Kila kundi la vitu walilipa mifano kama 10 hadi 15 tu, halafu yenyewe inatazama maneno yanayoizunguka ile mifano na kuokota mingine. Mimi nikafanya hivo hivo kwa Kiswahili ila kidogo kidogo, nikaipa Gulu, Mbale, Masaka na Arua kama wilaya, muhogo na mtama kama mazao, nikaiseti iamke saa sita usiku bando likiwa rahisi, ishushe kurasa za habari ichambue. Ikajua kinachofuata "wilaya ya" ni wilaya. Asubuhi nakuta "jirani" imo kwenye listi, maana watu huandika "wilaya ya jirani"! Na ikishaingia moja hiyo inavuta zingine, ikisoma "nyumba ya jirani", "shamba la jirani" inadhani chochote kinachofuata "nyumba ya" au "shamba la" nacho ni wilaya, ukizembea listi yote imeoza. Hata NELL iliwahi kuweka kuki za intaneti (vile vifaili vidogo saiti inavyoacha kwenye kompyuta, Kiingereza jina ni moja na biskuti) kwenye vitafunwa vya kuoka, mafaili nayo yakafuata huko huko maana watu huandika wamefuta kuki, wamefuta mafaili.

Dawa ni makundi yachungane: kikiwa wilaya kisiwe zao, na kionekane kwenye saiti zaidi ya moja ndo kipite. Ila hiyo sheria ikagombana na Busia. Nilishaiambia wilaya si kaunti, sasa habari za kwetu Uganda zinasema wilaya ya Busia, za Kenya zinasema kaunti ya Busia, mashine ikaona huyu haeleweki ikamtupa nje kabisa. Sisi tunaovuka pale tunajua ni mbili zinatazamana. Basi nikaifundisha itazame kwanza majina mengine kwenye ile habari, ikiona Tororo au Jinja ni ya huku, ikiona Kisumu ni ya ng'ambo, na zikitajwa zote, ambayo kwa habari za malori kukwama mpakani ni kawaida tu, iniwekee pembeni niamue mwenyewe asubuhi.

Kazi hiyo ya kuamua mdogo wangu ndo anaipenda, na ni mkali kweli, juzi kafyeka "wilaya ya kwanza" na "wilaya ya mwisho" kabla sijaamka.