Vichupa Viwili Mezani

Februari 2017, jua la saa saba mchana, mama mmoja wa Pangani aliingia famasi tuliyokuwa tukifanya kazi pale Ngamiani, Tanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie dawa yangu."

Akaweka mezani vichupa viwili vya insulini, dawa ya kisukari, ile isiyo na rangi, mililita 10, uniti 100 kwa kila mililita. Dawa hii ikiwa nzima huwa angavu kama maji ya mvua. Nilikiinua cha zamani kwenye mwanga wa mlango, nikakiinamisha polepole. Vijinyuzi vyeupe vikaelea kama usufi, vingi vikiwa pale dawa inapokutana na hewa. Cha pili, alichokifungua siku chache tu zilizopita, nacho kilishaingia ukungu.

"Cha zamani kilibaki kidogo, nikakivuta kwa sindano nikatia kwenye kipya. Nisipoteze."

Hapo nikaelewa. Insulini ni protini ndogo ya asidi amino 51. Kichupani molekuli zake hukaa sita sita, zimeshikwa na zinki. Joto na mtikisiko huzitawanya (na barabara ya Pangani ya siku zile ilitikisa kweli), kisha moja ikigusa hewa hukunjuka, ikashikana vibaya na wenzake. Mwanzo huo ni mgumu, huchelewa, ndiyo maana dawa hukaa safi muda mrefu halafu ikachafuka mara moja. Uzi wa kwanza ukishapatikana, ncha zake mbili hudaka molekuli nzima na kuzikunja kwa umbo lake. Ukivunjika, ncha zinakuwa nne. Nyuzi nyingine huzuka ubavuni mwa zile zilizopo.

Mwaka 2011 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliliona jambo hili ndani ya matone madogo mno ya insulini: doa moja linazuka, kisha linaenea mpaka tone zima limejaa. Wino ukisambaa wenyewe kwenye maji yaliyotulia, umbali maradufu huutaka muda mara nne. Ukingo wa nyuzi hizi hauchoki hivyo. Umbali maradufu, muda maradufu, kwa kuwa kila unapofika unazaliana upya, kama moto wa nyasi.

Mama alikuwa ametia mbegu. Kichupa kipya hakikuhitaji tena kungoja ule mwanzo mgumu.

Tulimpa kingine, nikamweleza: usichanganye mabaki hata tone, usikitikise, kikitimiza siku 28 tangu kufunguliwa kitupwe. Kikae kwenye mfuko usiopenya maji, ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji, kivulini penye upepo. Pwani hewa ina unyevu mwingi, chungu hakipoi kama bara, lakini kinaikinga dawa na joto la bati.

"Na hiki?" Alikuwa bado amekishika kile cha pili.

"Kiache hapa, mama."

Alikigeuza mara mbili mkononi kabla ya kukiweka. Kilikuwa kimejaa.