Thaddeus Stevens na hesabu ya watu

Kila nikisoma habari za Thaddeus Stevens, mbunge wa Marekani wa karne ya 19 aliyepinga utumwa, kesi ya Charity Butler ndiyo inayonikaa moyoni. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilisema mtumwa akiletwa kutoka nje na kuwekwa jimboni miezi sita, yu huru. Charity alikuwa mtumwa wa Maryland, na bibi aliyemtumikia alikuwa akivuka naye mpaka kwenda Pennsylvania na kurudi. Zikijumlishwa siku za safari zote, dai lake la uhuru linasimama. Mwaka 1821 wakili wa upande wa mwenye mtumwa, kijana wa miaka 29 mwenye ofisi Gettysburg, alijenga hoja kwamba miezi hiyo lazima iwe mfululizo. Mahakama ya Juu ya jimbo ikamkubalia. Charity na watoto wake wakabaki utumwani.

Wakili huyo ni Stevens, yule yule ambaye miaka 30 baadaye alikuwa katika jopo lililomtetea Castner Hanway, aliyeshtakiwa kwa uhaini baada ya watu weusi wa Christiana, kijiji cha Pennsylvania, kupambana na wawindaji wa watumwa. Hanway aliachiwa huru. Wanaomsifu Stevens huiruka kesi ya Charity. Mimi naona hapo ndipo unapouona ustadi wake: alijua kwamba uhuru wa mtu unaweza kuamuliwa na namna ya kuhesabu.

Ustadi huo aliutumia vizuri bungeni, Desemba 1865. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Utumwa ulipofutwa, watano wakawa watano, lakini hawakuwa na kura. Maana yake mabwana walioshindwa vitani wangerudi Washington na viti vingi kuliko walivyoondoka navyo! Hatua ya kwanza ilikuwa kuwazuia mlangoni. Karani wa Baraza, Edward McPherson, mzaliwa wa Gettysburg na mtu wa karibu wa Stevens, aliita majina ya wajumbe akayaacha ya majimbo ya Kusini yaliyoasi. Asiyeitwa hawezi kupiga kura ya kumchagua spika, wala kudai kiti chake papo hapo.

Hatua ya pili ilikuwa Marekebisho ya 14 ya Katiba. Yalihitaji theluthi mbili za kila chumba cha bunge, kisha robo tatu ya majimbo. Kifungu cha pili kilisema jimbo likiwanyima kura wanaume raia waliofikisha miaka 21, idadi yake ya uwakilishi ipunguzwe kwa uwiano huo huo. Stevens hakuridhika, alitaka zaidi. Aliwaambia wenzake anayakubali kwa kuwa anaishi kati ya watu, si malaika. Tarehe 13 Juni 1866 Baraza likapitisha kwa kura 120 dhidi ya 32. Tatizo la kifungu hicho ni kwamba kilitegemea wabunge wenyewe wahesabu walionyimwa kura na kupunguza viti. Hawakufanya hivyo hata mara moja.

Ila kinachoniuma zaidi ni ardhi. Septemba 1865, akihutubia Lancaster, alipendekeza serikali itwae mashamba ya waasi wenye ekari zaidi ya 200. Kwa hesabu yake walikuwa watu kama 70,000, wenye ekari milioni 394. Kila mwanaume mtu mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40, jumla milioni 40 tu. Zilizobaki ziuzwe kulipa deni la vita. Wenzake wengi katika chama cha Republican waliogopa kugusa mali ya mtu, na Rais Andrew Johnson alikuwa tayari anawarudishia mashamba waasi waliosamehewa. Stevens alijaribu tena kwa muswada mwaka 1867, akiwa mgonjwa, akashindwa. Alifariki Agosti 1868, na maelfu ya walioachwa huru wakaendelea kulima shamba la bwana yule yule kwa kugawana naye mavuno, wakimaliza msimu na deni.