Kidonge cha Kiungulia Kilivyoahirisha Stenti Yangu ya Ubongo

Nina stenti, yaani kijimrija cha wavu wa chuma, ndani ya mshipa wa damu ulioko nyuma ya jicho langu la kushoto, na nimechoka kusikia watu wakilizungumzia jambo hili kana kwamba kazi yote huifanya daktari kwa siku moja, mgonjwa akiwa amelala fofofo. Kwangu mimi siku hiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote. Kilichonitoa jasho ni kidonge cha kiungulia.

Aneurizimu yangu iligunduliwa kwa bahati. Nilikwenda kupigwa picha ya MRI kwa sababu ya kizunguzungu ambacho baadaye kilibainika kuwa ni cha sikio, na picha ikaonyesha ukuta wa ateri umetuna mfano wa puto dogo la milimita 7. Puto lilikuwa halijapasuka, wala halikuwa saratani, ingawa nusu ya ukoo ilikwisha kuanza kunililia. Daktari bingwa alinieleza kwamba puto lenye shingo nyembamba huweza kujazwa nyuzi za platinamu zinazojikunja ndani yake, damu ikaganda humo na puto likazibika. Langu lilikuwa na shingo pana, na nyuzi zilizowekwa peke yake zingeweza kuchomoza na kurudi kwenye mkondo wa damu. Ndipo ikachaguliwa stenti iliyosukwa kwa nyuzi nyembamba za chuma mithili ya chujio, inayolazwa ndani ya mshipa na kupita mbele ya mdomo wa puto, ili damu ishike njia yake badala ya kuzunguka humo. Stenti ya namna hii hailizibi puto siku hiyohiyo; damu iliyotuama huganda polepole, na utando mpya wa mshipa huota juu ya nyuzi kwa miezi kadhaa. Walionifananishia na stenti ya moyo walinipotosha, maana ile kazi yake ni kupanua mshipa uliobana, na wangu haukubana popote.

Tatizo ni kwamba damu hupenda kuganda juu ya chuma kigeni, na bonge likiziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi. Kwa hiyo siku kadhaa kabla ya utaratibu wa kuwekewa stenti nilianzishiwa aspirini na klopidogreli, dawa mbili za kuzuia damu isigande. Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu.

"Shemeji, hiyo aspirini itakutoboa tumbo," aliniambia. "Tangulia na hivi." Akanikabidhi vidonge vya omeprazoli alivyojinunulia mwenyewe. Lazima nimtendee haki: aspirini huweza kweli kuleta vidonda vya tumbo, na mimi kiungulia kilikuwa kimekwisha kuanza. Vidonge vilikituliza kwa siku mbili, nikajiona nimepata mshauri wa bure. Muuguzi aliponipigia simu kuuliza kama natumia dawa nyingine yoyote, nilijibu hapana, kwa sauti ya mtu mwaminifu kabisa, kwa sababu akilini mwangu dawa ni ile iliyoandikwa na daktari, na cha kutoka mfukoni mwa shemeji hakina jina.

Siku moja kabla ya utaratibu nilitolewa damu ili kupima kama chembe zinazogandisha damu zimetulizwa na dawa. Jioni daktari akaja na karatasi, akavuta kiti, akakaa. Daktari akikaa, ujue kuna neno. Alisema damu yangu inaganda kana kwamba sijameza klopidogreli hata moja, akaniuliza kwa upole kama huwa naisahau. Nilikasirika, nikamwonyesha kisanduku changu chenye vyumba vya siku na kengele nilizotega kwenye simu. Akanieleza kwamba wako watu ambao ini lao, kwa maumbile, haliwezi kuigeuza klopidogreli kuwa dawa kamili, na akaanza kutaja tikagrelori, ambayo haihitaji kugeuzwa hivyo. Nikakubali haraka kuwa ini langu ni la aina hiyo ya pekee. Tulikuwa bado tunalijadili ini langu wakati muuguzi, akinitafutia ndala mkobani, alipoinua karatasi ya vidonge iliyobaki nusu na kuuliza, "Na hizi ni za nani?"

Kumbe omeprazoli hukikamata kimeng'enya kilekile ambacho ini hukitumia kuiamsha klopidogreli. Niliahirishwa, nikabadilishiwa ya tumbo kuwa pantoprazoli, na nilipopimwa tena baada ya wiki moja na ushei, dawa ilikuwa inafanya kazi. Gharama za vipimo vya kurudia na kitanda nilichokilalia bure sikuzijumlisha, kwa kuogopa kujua.

Kuhusu utaratibu wenyewe sina mengi: mrija ulipitishwa kinenani, nikiwa chini ya nusukaputi, nikaamka. Mtihani ulikuwa kulala chali kwa saa kadhaa bila kukunja mguu, ili tundu la mshipa lisivuje. Kwa hili najisifu. Wiki nzima kabla ya hapo nilifanya mazoezi nyumbani ya kwenda haja ndogo kwenye chupa nikiwa nimelala chali, jambo ambalo mwili wa mtu mzima hulikataa kwa ukaidi wa ajabu. Mara tatu za kwanza nilishindwa kabisa, na ya nne nilifaulu baada ya mke wangu kufungua bomba la maji. Jirani yangu wa wodini, ambaye hakujiandaa, ilibidi awekewe mrija wa mkojo.

Baadaye nilipata michubuko ya samawati mikononi, na fizi zilitoa damu nilipopiga mswaki. Watu watatu walinishauri nipunguze dawa. Sikuacha hata kidonge kimoja bila idhini ya daktari, na maumivu ya mgongo yaliponijia nilipiga simu kwanza badala ya kurukia ibuprofeni, ambayo huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Angiografia, yaani picha ya mishipa ya damu, niliyopigwa miezi 6 baadaye ilionyesha puto haliingiwi na damu tena. Klopidogreli ikasimamishwa, aspirini ikabaki. Shemeji bado anawasimulia watu jinsi alivyoliokoa tumbo langu, nami nimeacha kumkatiza.