Kumbukumbu ya mradi wangu wa ramani: wiki ya sita

Nachora nchi ambazo Waingereza waliwaahidi Wayahudi. Ramani ya Uasin Gishu, uwanda wa magharibi mwa Kenya, nilidhani itakwisha kwa jioni mbili. Imenila wiki tatu, na jana nimefuta nusu yake. Kosa ni mpaka. Kwa kuwa mpango wa 1903 wa kuwapa Wayahudi makazi huku kila mtu huuita "Mpango wa Uganda", nilikuwa nimeuweka uwanda wetu ndani ya Uganda. Kumbe Waingereza walikwisha kuuhamishia Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo, mwaka 1902, kabla hawajawaahidi Wayahudi.

Barua ya serikali yao yenye ahadi hiyo ni ya tarehe 14 Agosti 1903, miezi michache baada ya Wayahudi kuchinjwa Kishinev, mji wa Milki ya Urusi. Mwezi huohuo Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka taifa lao wenyewe, aliupeleka mpango Basel, Uswisi, kwenye Mkutano wao wa Sita. Wajumbe 295 walikubali wachunguzi watumwe kuukagua uwanda, 178 wakakataa, na wengi wa kutoka Urusi wakatoka ukumbini. Wachunguzi watatu walikuja 1905. Mwaka uleule Mkutano wa Saba ukaukataa mpango: Palestina, si kwingine.

Kilichonikosesha usingizi ni namna watu walewale wanavyorudi. Arthur Balfour alikuwa waziri mkuu wa Uingereza ahadi ya huku ilipotolewa. Mwaka 1917, akiwa waziri wa mambo ya nje, akatia saini tamko la kuwaahidi Wayahudi makao ya kitaifa Palestina. Lloyd George, ambaye ofisi yake ya uwakili iliandaa rasimu ya mkataba wa 1903, ndiye aliyekuwa waziri mkuu 1917. Na Richard Meinertzhagen! Nimekulia Eldoret, na kisa cha Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, kuuawa Oktoba 1905 nilikisikia kwa bibi yangu tangu utotoni. Hakuna aliyeniambia kwamba ofisa aliyemuua alikwenda baadaye Palestina kuwa ofisa wa kisiasa wa Uingereza, mtetezi mkubwa wa Uzayuni.

Basi nimebadili mpango wa kazi. Kila ramani itafunikwa na karatasi angavu yenye majina ya waliokuwa wakiishi pale. Juu ya Uasin Gishu ni Wanandi na Wamaasai. Juu ya Palestina ya 1917 ni Waarabu, takriban tisa katika kila watu kumi, ambao tamko la Balfour linawataja tu kama "jumuiya zisizo za Kiyahudi".

Laha ya 1947 imekamilika: Azimio 181 la Umoja wa Mataifa la kuigawa Palestina kuwa dola mbili, ya Kiyahudi na ya Kiarabu, kura 33 kwa 13, na 10 zilizojizuia. Kwenye mgawanyo huo dola ya Kiyahudi ilipewa kama asilimia 55 ya nchi. David Ben-Gurion, kiongozi wa Wayahudi wa Palestina, alitangaza dola ya Israeli tarehe 14 Mei 1948, na kesho yake majeshi ya nchi za Kiarabu yakaingia. Laha ya 1949 bado ina wino mbichi: Israeli inashika asilimia 78 ya Palestina, Gaza iko mikononi mwa Misri, Ukingo wa Magharibi kwa Jordan, Yerusalemu imekatwa katikati. Dola ya Kipalestina iliyokuwa kwenye azimio haipo popote.

Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au kufukuzwa. Nilijaribu kuwaonyesha kwa mishale, nikaiondoa; mshale unamfanya mtu aonekane kama msafiri. Nitaandika vijiji vilivyoachwa, jina kwa jina, zaidi ya 400. Wayahudi waliong'olewa Baghdad na Sanaa miaka iliyofuata watapata laha yao pia.

Jumamosi naanza na wilaya ya Yafa. Penseli nyekundu nimeshaichonga.