Mizani kabla ya moto

Katika kuhesabu kalori, mimi napima chakula kabla hakijaingia motoni. Mchele, unga, maharage, nyama, vyote vinapita kwenye mizani vikiwa vikavu au vibichi, na sababu yangu ni maji. Maji hayana kalori lakini yana uzito, na hakuna wapishi wawili wanaotia maji sawasawa.

Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori 360 hivi. Gramu 100 za wali zina kama 130. Programu za simu za kuhesabu kalori zimeorodhesha vyote viwili, na mwenye haraka hubonyeza cha kwanza anachokiona. Sahani ya wali wa gramu 200 ikiandikwa kama mchele inasomeka kalori 720 badala ya 260, na mtu analala njaa kwa chakula ambacho hakula. Kinyume chake ni kibaya zaidi: unapima mchele gramu 150, unauandika kama wali, simu inakwambia 195, kumbe umekula 540.

Halafu hiyo 130 ni ya wali wa nani? Huku kwetu Tanga wali uliopaliwa makaa juu ya mfuniko unakauka, punje inasimama peke yake. Wali wa mtoto mdogo unaachwa na maji mengi. Uzito sawa, chakula si sawa.

Daktari aliponiambia nipunguze mwili kwa sababu ya presha, shida ilikuwa sufuria. Nyumbani tuko sita na tunapika pamoja. Siwezi kujipikia kijisufuria changu pembeni, na sitaki. Kwa hiyo nafanya hivi. Unga wa ugali gramu 500 ni kalori 1,800 hivi. Ugali ukiiva napima sufuria nzima, mwiko ukiwa nje, natoa uzito wa sufuria tupu. Uzito wa kila sufuria nimeuandika kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati. Tuseme ugali umetoka gramu 1,400. Nikikata 350 nimechukua robo, yaani kalori 450. Siku ukisongwa laini ukatoka gramu 1,700, kipande kilekile cha 350 kina kalori 370 tu. Kalori nazipata kwenye unga. Kupima mara ya pili kunanionyesha fungu langu tu. Maharage nayafanyia vivyo hivyo, maana yakichemka yanakunywa maji hadi uzito unazidi maradufu.

Nyama inakwenda upande wa pili. Inatoa maji na kusinyaa, hivyo kipande kilichoiva kina kalori nyingi kwa gramu kuliko kibichi, ingawa hakuna kilichoongezwa. Mifupa naipima baada ya kula, kisha natoa uzito wake. Ukinywa supu, mafuta yaliyoelea juu yake yahesabu pia, hayakupotea.

Nazi ndiyo inataka uangalifu hasa. Huwezi kuandika nazi nzima, kwa sababu machicha yanabaki na sehemu ya mafuta, na tui zito si sawa na tui jepesi. Siku ninazotaka hesabu safi natumia tui la pakiti, maana namba imechapishwa ubavuni. Nikikuna mwenyewe napima tui zito na kulihesabia kalori 230 kwa kila gramu 100. Ni makadirio, lakini kuiacha nazi nje ya hesabu ya wali wa nazi ni kuacha sehemu kubwa ya chakula.

Samaki wa kukaanga: napima karai na mafuta yake kabla, napima tena yakipoa. Kilichopungua kimeingia kwenye samaki, na kila gramu ya mafuta ni kalori 9.

Mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, na mkekani utakuja nayo hiyo mizani?" Nikamjibu, "Hapana, Mama, inaishia jikoni." Na ndivyo ilivyo. Napakua fungu langu mapema, napima, kisha naketi na wenzangu kwenye mkeka. Watoto hawaoni mtu anapima tonge, na mgeni hakaribishwi kwa hesabu. Hilo naliona muhimu kuliko usahihi wa gramu kumi.

Kwa namba zenyewe, naanzia kwenye majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe. Yamo makande, umo ugali, na huhitaji kukisia kwamba chakula chako kinafanana na cha Marekani.

Kwa mama lishe sina sufuria ya kupima wala sijui alitia nini. Hapo natumia namba ya chakula kilichoiva, 130 kwa wali, naongeza kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, kama kalori 120, kisha nakula.