Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa darasa la kwanza, Kibirizi, Kigoma

Saa 12:00 asubuhi. Chai ya rangi na kiporo cha muhogo. Boti zilizokesha ziwani zimesharudi, na njia nzima ya shuleni inanuka dagaa wabichi.

Saa 1:30. Mstarini, usafi, wimbo wa taifa. Tuviache hivyo.

Saa 2:00. Kusoma. Leo ni ukoo wa -aa, yaani maneno yanayoishia kwa sauti hiyo moja. Kabla ya kugusa chaki nawachezesha kwa masikio: neno likiishia kama "taa", makofi, lisipoishia hivyo, kimya. Saa, makofi. Kaa, makofi. Jiwe... wapo wanaopiga tu kwa sababu wanapenda kupiga.

Kisha naandika "aa" ubaoni kwa chaki nyekundu na kupachika kadi za herufi mbele yake: t, s, k, v, p. Mtoto anabadilisha kadi, wenzake wanasoma. Walimu wa Kiingereza wana cat, hat, mat, na tahajia yao ina vituko vingi hivyo ukoo humwokoa mtoto. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kwangu silabi hutangulia. Ukoo ni wa kuongeza kasi na kunoa sikio.

Kijana wa dawati la nyuma ananyoosha mkono: "Mwalimu, dagaa naye ni ndugu yao. Bila taa hawavuliwi!" Baba yake mvuvi, huyo. Dagaa anaingia ubaoni.

"Njaa" naiacha kwanza. Nj ni herufi mbili zinazotamkwa pamoja, tutaifikia wiki ijayo, ingawa kufika saa 4:00 darasa zima linaifahamu vizuri. Uji.

Saa 4:30. Sasa kazi yenyewe. Wapo wanaoimba "taa, saa, kaa" huku wanatazama dirishani. Ndiyo hatari ya vina: mdomo unakwenda, macho yamelala. Basi nachanganya kadi na za ukoo mwingine, moto, joto, mtoto, nazigeuza ovyo na kumwita mmoja mmoja. Hapo ndipo unajua nani anasoma na nani anakariri. Wengi nyumbani wanaongea Kiha, kwa hiyo "kula" na "kura" huwachanganya. Wakitamka siwasumbui sana, wakiandika nakuwa mkali.

Saa 6:30. Wadogo wameondoka. Nasahihisha madaftari, naandika andalio la somo la kesho, nakata maboksi ya sabuni kutengeneza kadi. Karatasi ngumu ya manila ni ghali, na boksi halikunjiki upesi mikononi mwao.

Saa 11:00 jioni. Dukani mama mmoja ananisimamisha. "Mwalimu, pole na kazi. Huyu wangu anaimba taa-saa-kaa mpaka usiku. Anasoma kweli?"

"Ahsante, mama. Muandikie vaa na paa kwenye kipande cha boksi, umuulize lipi ni la nguo. Akikosea usimtajie. Mwambie aangalie herufi ya mwanzo."