Mawazo Gani?

Vistari vya penseli vilikuwa 11. Mwalimu wetu, mwanasaikolojia tiba kutoka Dar es Salaam, alikuwa akivichora nyuma ya karatasi ya mahudhurio wakati mimi nikifanya zoezi la kuzungumza na mgonjwa mbele ya wenzangu, kistari kimoja kila nilipotoa ushauri. Vistari 11 ndani ya dakika 15.

"Dada," akaniambia taratibu, "umemwambia asali, apumzike, ale vizuri, ajichanganye na watu, asiwaze sana. Umemuuliza anawaza nini?"

Sikumuuliza.

Ilikuwa Tanga, masika ya 2018, siku ya tatu ya mafunzo ya tiba ya mawazo na tabia kwa sisi wauguzi wa vituo vya afya. Nilikuwa na miaka tisa kazini na nilijihesabu mtu mwenye kauli nzuri kwa wagonjwa. Kwetu mtu akiwa amenyong'onyea, halali, chakula hakipiti, atakwambia "nina mawazo," nasi tunamjibu "usiwaze sana." Nimelisema neno hilo mara nyingi mno, na ninalijutia. Mtu amekuonyesha mwenyewe panapomuuma, nawe unamwambia apafunike.

Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, alianzia papo hapo miaka ya 1960. Alikuwa amefundwa kuchimbua yaliyofichika ndani ya wagonjwa wake, lakini akagundua kwamba walipokuwa wakizungumza, chini kwa chini yalipita mawazo mengine, mafupi, ya ghafla, ambayo mgonjwa huyaamini bila kuyakagua: sifai, wamenichoka, sitapona. Wazo likipita, moyo unafuata, mwili unafuata, na matendo yanafuata. Basi akaanza kuwauliza nini kimepita kichwani sasa hivi. Mwalimu alitutajia na Wazimbabwe, ambao kwa Kishona huita hali hii kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Huko Harare daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wakiketi na watu kwenye benchi kuwasaidia kutatua shida zao. Bibi wale walinipa moyo kuliko mchoro wowote wa darasani.

Mchana tuligawanywa wawili wawili, kila mmoja alete jambo dogo la kweli. Nilipangwa na mkunga aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Sote tulimwita Mama, na ameniruhusu kuyasimulia haya. Akatoa simu yake ya vitufe kwenye pochi, akailaza kifudifudi mezani. Alisema huizima kila siku baada ya magharibi, mwaka wa pili sasa. Mumewe alifariki akiwa amelazwa, na habari zilimfikia kwa simu hiyo saa nane usiku.

Mdomo ulinijaa maneno. Nikasema pole moja, nikanyamaza. Kisha: "Mama, ukiifikiria inalia usiku, kichwani kinapita nini?"

"Kwamba kuna maiti."

"Unaliamini kiasi gani, kati ya 0 na 100?"

"90."

Tukachora safu mbili: yanayounga mkono wazo hilo na yanayolipinga. Mimi nilitaka kuiruka ile ya kwanza, niliona ni kumtonesha kidonda. Mwalimu, aliyekuwa akipita nyuma yetu, akaigusa kwa kidole. "Jazeni na hii. Lilitokea kweli." Mpaka dakika ile nilidhani tiba hii ni kumfundisha mtu kuwaza mazuri. Mama akaandika saa nane, akaandika tarehe.

Safu ya pili ikabaki tupu. Jibu nilikuwa nalo mimi, liko kwenye ncha ya ulimi: mkunga wa zaidi ya miaka 30, simu ngapi za usiku zimemwita wodini? Kumwambia kungekuwa kistari cha 12. Nikauma ulimi, nikauliza tu, "Simu nyingine za usiku maishani mwako zilikuwa za nini?"

Alikaa kimya muda mrefu, kidole gumba kikisugua mgongo wa simu. "Za leba," akasema. Halafu, "Za watoto." Akaanza kuwataja: pacha waliotanguliza miguu, binti aliyejifungulia kwenye bajaji pale getini, mjukuu wake mwenyewe. Aliandika mwenyewe mpaka mwandiko ukapanda pembeni mwa karatasi. Alipolipima tena lile wazo, likawa 55.

Nilifurahi, nikadhani tumemaliza. Mwalimu akasema karatasi peke yake haitoshi, kwa kuwa kule kuizima ndiko kunakoilisha hofu: kila usiku unaopita salama, Mama huona kuzima simu ndiko kulikomnusuru, na hapati nafasi ya kujua vinginevyo. Inabidi kujaribu. Mama akakubali kuiacha wazi usiku mmoja, na kabla ya kulala aandike anachotabiri. Alitaka ikae sebuleni, sauti chini. Mimi nilitamani iwe karibu na kitanda, lakini usiku ule ulikuwa wake. Nikamwachia.

Kesho yake alichelewa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Simu ililia saa kumi na moja kasoro alfajiri. Mkwe wake. Mtoto ana homa, afanye nini?

"Moyo ulitaka kunitoka," alisema. "Nikapokea."

Akafungua daftari. Utabiri: msiba. Kilichotokea: homa, nimemwambia amkande, kukipambazuka ampeleke zahanati. Wazo: 70. Lilikuwa limepanda, na alikuwa ameliandika hivyo hivyo, bila kulipunguza ili anifurahishe. Chini yake alikuwa amepiga mstari na kuongeza safu ambayo hatukufundishwa, yenye kichwa kimoja tu: Nisingepokea?

Hakuwa ameijaza. Akavuta kiti, akanigeuzia daftari.

"Haya, mwanangu," akasema. "Niulize."